Sinia Lililonipima

Usiku wa kuamkia leo niliota sinia la shaba limekaa kwenye kiti changu cha kazini, limevaa glavu zangu, linanipima.

Mimi nimo ndani ya beseni la dawa, maji hadi kidevuni. Kibanio cha waya kimeniuma sikio, na waya unakwenda kwenye mita. Kando yangu umesimama mrija wa kioo, ule ambao volti za kila chuma hulinganishwa nao kwa kuwa zake hazibadiliki.

"Usinitazame mimi," mrija unasema. "Anayebadilika ni wewe."

Sinia nalijua. Ni la arusi ya Bi Rukia binti Athmani, jina lake limechongwa katikati. Mjukuu wake alilileta kwetu makumbusho limejaa kutu ya kijani, akaniambia, "Kaka, bibi hana picha, na kaburi lake hatulijui. Amebaki kwenye jina hili tu."

Jana nililitia kwenye dawa ya kutoa kutu. Sheria yetu ni moja: ngoja kipimo cha volti kitulie. Kikitulia, shaba italala humo salama. Kikizidi kuhama, itoe, dawa inaila. Nilitazama dakika tano, nikaandika "kimetulia", nikakimbilia pilau ya arusi ya binamu yangu. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini pilau nayo haingoji mtu.

Sasa karakana imekuwa ukumbi wa arusi. Wageni wamekaa, hakuna anayekula. Bi Mwanaidi, mkuu wangu wa kazi, anainama juu ya beseni.

"Kimetulia?"

"Bado, Bi! Namba zinahama!"

"Kimetulia," sinia linajibu, na linaandika kwa mwandiko wangu.

"Haya, tukale."

Nainua mkono kuwaita. Ncha za vidole vyangu zinatoa moshi wa kijani majini. Siumii hata kidogo, na hapo ndipo ninapoogopa kweli.

"Mnaniacha humu?"

"Ni usiku mmoja tu," sinia linasema kwa upole. "Mbona mimi sikulalamika?"

Niliamka kumekucha, nimelowa jasho. Nikaikamata simu nimwambie Bi Mwanaidi alitoe sinia upesi. Simu ikakataa kidole gumba changu. Nikakifuta, ikakataa tena. Nikakipeleka dirishani kwenye mwanga. Hakikuwa na mstari hata mmoja, laini kama mgongo wa kijiko.

Nilivaa viatu nikakimbia, njia nzima nikilitaja jina la Bi Rukia binti Athmani, maana sikuwa na hakika kama bado limeandikwa popote.