Jiwe Lenye Maji, Jiwe Kavu

Asubuhi ya kuwaeleza walimu wake kuhusu jiwe lake, binti yangu alikuwa sakafuni, ameduwaa mbele ya michoro miwili.

Jiwe lenyewe ni asteroidi, linazunguka Jua huko mbali. Yeye hulipima kwa darubini ya hapa duniani, akichambua mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotoka kwake. Kila aina ya madini hula sehemu yake ya mwanga. Ukiona pengo, unajua nani amekula.

"Mama, mchoro huu unasema madini yana maji. Huu unasema makavu."

"Jiwe ni lile lile?"

"Lile lile."

"Basi mmoja unadanganya."

"Si lazima. Jiwe linajizungusha. Huenda upande mmoja una maji, wa pili hauna."

"Si ungesema!"

"Au ni mvuke wa maji wa hewa yetu. Nao hula mwanga karibu pale pale."

Ili kuiondoa hewa, alinieleza, huchukua mwanga wa nyota inayofanana na Jua, iliyo jirani na jiwe, kisha hugawanya mwanga wa jiwe kwa huo wa nyota. Ila siku ya mchoro wenye maji, wingu liliziba nyota jirani. Akatumia nyingine iliyokuwa juu kabisa angani, wakati jiwe lilikuwa chini, nyuma ya hewa nzito zaidi, hivyo huenda mvuke mwingine ulibaki mchoroni.

"Kwa hiyo maji hayapo?"

"Sijasema hayapo."

"Yapo?"

"Sijasema yapo."

"Wewe mtoto, nimekuzaa au nimekuokota?"

Sikuwa natania sana. Maji yakiwepo, angepata nafasi kwenye timu ya darubini kubwa. Yasipokuwepo, angerudi kufundisha watoto wa watu sebuleni kwangu. Shangazi yake, aliyekuwa anakunywa chai, akaona njia.

"Wifi, mwambie aufiche huo mkavu. Nani atapanda huko kuhakiki?"

"Shangazi, mimi mwenyewe sitalala."

"Utalala njaa, basi!"

Binti yangu akaondoka na michoro yote miwili. Alasiri akarudi.

"Nafasi?"

"Amepewa mwenzangu. Jiwe lake ni kavu, na ana uhakika."

"Kavu ndilo limeshinda?"

"Uhakika, Mama. Mimi wamenipa muda wa darubini, nilipime tena."

Nikasema hongera, akaanza kulia. Nikasema pole, akacheka. Nikampakulia chakula, maana hapo angalau nilijua ninachofanya.