Tundu la Kitambaa Cheusi

Kila asubuhi Popo alifanya yale yale. Aliweka kipande cha silikoni kisandukuni, akashusha sindano mbili za kupimia juu ya transista aliyoibuni, akafunika kisanduku kwa kitambaa kizito cheusi, kisha akahesabu hadi ishirini. Popo walimwita wenzake, kwa kupenda giza. Lakini giza lilikuwa na kazi yake: transista iliyozimwa haitakiwi kupitisha umeme, na ikiguswa na mwanga hupitisha hata ikiwa imezimwa.

Siku hiyo alipofika kumi na tatu, namba kwenye skrini iliruka. Umeme uliovuja ulikuwa mara arobaini ya ule wa jana.

Akapima tena. Vile vile. Na saa nne bosi angekuja kuchagua muundo mmoja tu wa kupelekwa kiwandani: wake, au wa shemeji yake, mume wa dada, aliyekaa meza ya pili.

"Vipi, Shemeji Popo? Inavuja kama paa la bibi yangu?" shemeji akauliza bila kugeuka.

Popo akashtuka. Hakuwa amesema neno. Kajuaje kama inavuja?

"Kidogo tu," akajibu.

Jana aliondoka mapema, shemeji akabaki peke yake humu ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Akaona haya kuwaza hivyo. Huyu ndiye aliyemfundisha kushusha sindano bila kukwaruza. Hata hivyo akazikagua sindano. Akakagua nyaya, moja moja. Zote nzima.

Wingu likapita, chumba kikafifia. Namba ikashuka. Wingu likaondoka, namba ikapanda.

Basi transista yake haikuwa na kosa. Mwanga ulikuwa unaingia.

Akakiondoa kitambaa, akakielekeza dirishani. Tundu, dogo kama punje ya mtama, kingo zake zimekakamaa na kunuka moshi. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimoja tu chumbani, nacho kilikaa meza ya pili.

Yeye ni mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa. Akakunja kitambaa mara mbili, akafunika upya. Namba ikarudi ya jana. Angeweza kuishia hapo, lakini akakiondoa tena kitambaa, miguu ikamfikisha meza ya pili.

"Shemeji, hili tundu."

"Ah, hilo! Bahati mbaya tu. Chuma kiliniponyoka jana, nikasahau kukwambia."

"Ulisahau?"

"Si unajua kichwa changu, ungo mtupu." Akacheka. Popo hakucheka, wala hakuondoka. Hatua za bosi zikasikika koridoni.

Shemeji akaweka koleo chini.

"Kuchoma sikukusudia," akasema, macho mezani. "Kunyamaza nilikusudia. Nilitaka bosi aione inavuja, achague yangu."