Kiwanja cha Mwisho cha Singe

Aikande alikuwa akipangusa kibodi kwa mswaki mkuukuu, kama alivyofanya kila asubuhi, kwa sababu vumbi la Babati mwezi wa Agosti halijali dirisha limefungwa au li wazi. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbolea. Kampuni yao ya upimaji ardhi ilihamia hapo kutoka Moshi mara tu Manyara ilipotangazwa kuwa mkoa na Babati kuwa makao yake makuu. Penye mkoa mpya pana wageni wapya, na mgeni akishapata kazi hutafuta mahali pa kujenga.

Wa kwanza kupanda ngazi siku ile alikuwa Melkiori, muuza vipuri vya pikipiki aliyetokea Singida. Aliketi mbele ya kompyuta, akatafuta jina lake kwenye orodha ya viwanja vya Singe, pembezoni mwa mji, akalibofya. Ikatokea ramani, naye akaitazama kwa heshima bila kuielewa. Akashukuru, akashuka, akawasha pikipiki kwenda kukiona kiwanja chake.

Akafika uani kwa Mama Venance.

Mama Venance, ambaye kwenye cheti cha ubatizo ni Bernadina, alikuwa akipepeta mbaazi. Melkiori aliomba radhi kwamba amepotea. Akatoka, akafuata mawe ya mipaka upande wa mlima Kwaraa, akaingia tena ua uleule, safari hii kwa nyuma ya zizi. Mara ya tatu alizima pikipiki.

"Umefika, mwanangu," alisema Mama Venance, akamsogezea kigoda.

Kufikia mchana walikuwa wengi. Mwalimu mmoja aliyeitwa Vailet alikuja na mwavuli wake, wakaja mafundi, wakaja makarani na wake zao. Wote walikuwa wamebofya majina yao, na wote walikuwa wameshika njia tofauti. Hakuna aliyeshtuka. Walilaumu wapimaji, wakalaumu jua, kisha wakakaa kivulini. Mama Venance hakuwa na chai ya kuwatosha, lakini fimbo za kupigia mbaazi alikuwa nazo, akawagawia.

"Dada," Melkiori alimwambia Aikande aliporudi jioni, maganda ya mbaazi yakiwa bado nyweleni, "hiyo mashine yako inatupeleka sote kwa yule mama. Mimi nimenunua kiwanja, sikuomba kibarua."

Aikande alifungua kiolezo cha ukurasa alichokiandika kwa lugha ya kompyuta ya Java, akaliona kosa. Ukurasa ule ulitengenezwa kwa mzunguko. Kwa kila kiwanja, programu ilizunguka mara moja, ikaandika jina la mnunuzi liwe kiungo cha kubofya, kisha ikaandika kifungu kifupi cha maagizo, kwa JavaScript, cha kufungua kiwanja hicho. Lakini vifungu vyote alikuwa amevipa jina moja, na vikiwa na jina moja, kinachoandikwa baadaye hukifuta kilichotangulia. Kwa hiyo kila aliyebofya jina lake aliita kifungu cha mwisho, cha kiwanja cha mwisho. Hicho hakikuwa na mnunuzi. Kilikuwa nyumba ya Mama Venance, zizi lake na ua wake, kipande kilichosalia baada ya viwanja vingine vyote kukatwa kutoka kwenye shamba lake. Wapimaji walikiandika "Mabaki".

Kwamba njia za Singe nazo zilifuata kosa hilo, Aikande hakuliona jambo la kushangaza. Kampuni ilikuwa imetangaza kwa kipaza sauti, sokoni na stendi, kwamba ardhi yote sasa imeingia kwenye kompyuta.

Kesho yake alikwenda Singe mwenyewe. Hakuhitaji kuuliza njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe umenunua kipi?"

"Sijanunua. Mimi ndiye ninayeandika kwenye kompyuta."

"Ahaa! Kumbe ndiye unayeniletea watu." Mama Venance alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Chukua fimbo basi, usisimame kama nguzo ya simu."

Aikande akachukua fimbo. Walipiga mbaazi kwa muda, Mwalimu Vailet akihesabu mapigo kama anaongoza kwaya.

"Ni kosa langu, mama. Kila anayetafuta kiwanja chake anafika kwako."

"Kosa liko wapi? Miaka miwili nimepanda ngazi zenu, nikarudishwa mlangoni, nikisema hilohilo, kwamba viwanja hivyo vyote ni kwangu. Wakaniambia mji umepanuka, na shamba lililo ndani ya mji si shamba tena. Mashine yako imenielewa kwa siku moja." Akainua ungo, akapuliza. "Utairekebisha?"

"Wanataka iwe tayari kabla ya Ijumaa. Viongozi wanakuja kukabidhi hati."

"Mbaazi zangu bado ziko shambani. Wakizifikia kabla yangu, watoto wa Venance watakula nini?"

Aikande aliinua fimbo tena. Aliporudi ofisini alimwambia mkurugenzi, Bwana Heriel, kwamba kosa ni kubwa na litachukua wiki mbili. Lilikuwa kosa la mstari mmoja. Usingizi haukuja vizuri siku zile, na kila hatua ngazini ilimfanya afunge ukurasa wa kiolezo. Lakini Singe magunia yalikuwa yakijaa.

Alhamisi Bwana Heriel aliamua kwenda kuonyesha viwanja mwenyewe. Alipanda trekta pamoja na dereva ili wasafishe shamba kabla ya sherehe. Trekta liliingia uani kwa Mama Venance, likageuzwa, likaingia tena. Mara ya nne kuku wenyewe hawakulikimbia.

"Karibu tena, baba," Mama Venance alisema. "Kama huna haraka, tubebee magunia."

Bwana Heriel alirudi ofisini akiwa na makapi kwenye ndevu, akasimama nyuma ya kiti cha Aikande.

"Aikande, mwanangu. Nyumbani mnategemea nani?"

"Mimi."

"Mdogo wako yuko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Nikipiga simu Arusha sasa hivi, kijana atapanda basi la asubuhi. Atarekebisha hicho kitu, kisha atakaa kwenye hicho kiti." Akavuta kiti cha pili, akaketi karibu mno. "Onyesha mkono wako unavyofanya kazi."

Aikande akaandika. Badala ya kurudia kifungu kwenye kila mzunguko, alikiandika mara moja tu juu ya ukurasa, kisha kila kiungo akakipa namba ya kiwanja chake ili kiipeleke kwenye kifungu hicho. Alibofya jina la Melkiori, kikafunguka kiwanja cha Melkiori. Alibofya la Mwalimu Vailet, kikafunguka cha Vailet.

"Safi," alisema Bwana Heriel. "Na huyu wa mwisho?"

"Ni Mama Venance."

"Hajanunua kitu. Mzunguko uishie kabla yake."

"Lakini anaishi pale."

"Sijasema asiishi. Nimesema asiwemo."

Aikande alirudi kwenye mstari wa mzunguko. Penye idadi ya viwanja, aliongeza alama ya kutoa na moja, na Mabaki yakatoweka kwenye orodha.

Ijumaa kila mtu alifika kwake bila kupotea. Trekta lilinyooka kama limefungwa kamba, likapita juu ya mbaazi zilizosalia, nazo zilikuwa zaidi ya nusu. Watu walipiga makofi. Kabla mwezi haujaisha kuta za matofali zilikuwa zimesimama kila upande.

Aikande alikwenda Singe Jumapili moja baada ya ibada, akiwa na sukari na majani ya chai. Alizunguka kuta mara mbili. Kila uchochoro aliouingia ulimtoa kwenye lango la mtu mwingine. Alisikia ungo ukipepeta, karibu sana, akabisha hodi.

"Karibu, pita," ilijibu sauti ya Mama Venance.

"Nipite wapi, mama?"

Melkiori alikuwa juu ya ukuta wake akipanga matofali ya mwisho. "Dada, huko hakuna njia," alisema kwa upole. "Sisi majirani tunasalimiana naye hivihivi, kwa sauti. Ni jirani mwema, hana kelele."

"Nani huyo?" Mama Venance aliuliza.

"Mimi, mama. Wa kompyuta."

Ungo uligongwa mara mbili, kama unaokung'utwa makapi.

"Mlipokuwa mnakosea mlikuwa mnafika," alisema, bila hasira, na ungo ukaendelea.

Aikande aliacha sukari na chai juu ya ukuta wa Melkiori, akarudi mjini. Jumatatu Bwana Heriel alimletea viwanja vya eneo jingine, Mutuka. Aliandika mzunguko, akapeleka namba kwenye kila kiungo, na mwishoni akatoa moja bila kuambiwa.