Mashine Yangu na Mchezo wa Mji wa Mbali

Naapa kwa jina la marehemu mke wangu Verdell, ambaye hakuwahi kuniamini hata nilipomwambia mvua inanyesha, kwamba haya yote ni kweli tupu. Kama kuna mahali nimetia chumvi, ni kwenye karanga.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka 1979, mjini kwetu Tallow Springs, Georgia, na joto lilikuwa kali hata kivuli changu kilinitangulia kuingia dukani kwa Lamar Tuggle. Lamar anauza misumari, mbegu na chakula cha kuku. Kando ya mlango wake ilisimama mashine ya soda, nyekundu kama kidole kilichobanwa na mlango. Haikuwa ya Lamar. Yeye alinipa ukuta na umeme tu. Ilikuwa yangu mimi, Hoyt Ledbetter, msoma mita za maji mstaafu.

Niliiokota korongoni nyuma ya kituo cha mafuta kilichokufa, imelala kifudifudi, nyigu wamejenga kwenye tundu la sarafu. Hakuna aliyenifundisha kazi. Miaka kumi na mmoja nilinyoosha bati kwa nyundo ya mpira na mfuko wa mchanga, nikapiga msasa mpaka alama za vidole vyangu zikafutika, nikaifungua mota mara arobaini na kuifunga mara arobaini na moja. Tundu lake lilimeza senti tano tu, za enzi zile bei haijajifunza kupanda, nami nikaliacha hivyo. Verdell alisema ipo siku nitaomba kuzikwa ndani yake. Nilishapima. Miguu inabaki nje.

Na adhuhuri ile, kwa ujinga wangu, niliitia hatarini.

Kisa ni Bi Odessa Pruitt, mwenye miaka sabini na minne, aliyesokota nyuzi kiwandani tangu akiwa binti. Kiwanda kilipofungwa alipewa sanduku la soda la wafanyakazi, la aina ya kwanza kabisa, kabla mashine hazijajua umeme: miguu minne ya chuma, tumbo la maji ya barafu, unainua kifuniko na kuchovya mkono mpaka kiwiko kutafuta chupa yako. Sijaona jingine kama lile. Miaka mitatu nilimbembeleza aniuzie.

"Siuzi, mdogo wangu," aliniambia wiki ile. "Ila naweza kulicheza. Mji wa Mbali. Sanduku langu kwa mashine yako."

Kwetu mchezo huo hata watoto wanaujua. Chini ya kila chupa limechorwa jina la mji ilikotengenezewa, na chupa husafiri kuliko watu. Kila mtu anachomoa moja bila kuona kitako chake. Mwenye mji wa karibu ndiye anayewanunulia wenzake. Hilo ni jambo la senti. Kucheza mashine kwa mashine hakuna aliyewahi kusikia, nami nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Ijumaa jioni Lamar alipanga chupa ndani huku akitazama dari, akafunga, ufunguo akatia mfukoni. Basi. Ila kufuli lile nililitengeneza mimi, na linafunguka kwa mpini wa kijiko. Jumamosi, nusu saa kabla ya adhuhuri, Lamar alipokwenda nyuma kupokea magunia, nilifungua, nikachomoa chupa iliyolala kwenye tundu la saba, nikachomeka yangu. Chini yake palisomeka Honolulu. Baharia mmoja aliniachia ikiwa tupu. Niliijaza jikoni na kuibana kizibo kwa mkono.

Ilikuwa ya uvuguvugu, lakini sikujali. Mashine yangu inapoza chupa kwa dakika ishirini. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wa kata hii kwa miaka mingi, na nilikwisha kulisema mara nyingi hata mimi mwenyewe nikaamini.

Saa sita kamili Bi Odessa aliingia na mkoba wake wa kanisani. Hakukaa.

"Nani anaanza?" aliuliza Lamar.

"Mkubwa kwanza," nilisema, kwa heshima ya bandia.

Alitia senti tano. Akafungua kile kimlango chembamba cha kioo, akapitisha kidole juu ya shingo za chupa, moja, mbili, tatu, akapunguza mwendo kwenye sita. Kidole kikagusa ya saba. Nikaanza kuhesabu misumari kwenye rafu ya Lamar.

"Hii inanitazama vibaya," akasema, akarudi kwenye ya nne, akavuta.

Lamar aligeuza chupa. "Butte, Montana."

Butte ni mbali. Mtu anaweza kucheza mchezo huu maisha yake yote asiione Butte. Lamar alibandika ncha ya uzi juu ya mji wetu kwenye ramani ya ukutani, akaunyoosha mpaka Montana, akafunga fundo.

Nikatia sarafu yangu. Nikajifanya kusitasita, nikavuta ya saba.

"Soma," nilimwambia Lamar.

Alisoma. Akasoma tena. "Honolulu."

"Duh," nilisema. "Bahati gani hii."

Lamar alitafuta Hawaii kwenye ramani. Wachoraji walikuwa wameitia ndani ya kisanduku kule chini, jirani na Meksiko. Alivuta uzi. Haukufika hata kwenye fundo la Butte.

"Mzee Hoyt, kwa ramani hii umeshindwa."

"Wewe Lamar, hicho ni kisanduku tu! Visiwa viko katikati ya bahari, maili elfu nne na mia tano."

"Umejuaje?"

"Mtu mzima anajua mambo."

Bi Odessa alicheka kidogo. "Mwache, Lamar. Honolulu ni mbali kuliko Butte, hilo halina ubishi." Roho yangu ikarudi. Nilikwisha kuliona sanduku lile kwenye banda langu. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe niishike. Sijawahi kushika kitu cha Hawaii."

Singeweza kukataa. Aliipokea, akaiweka juu ya kaunta pembeni ya ile yake. Akakunja mikono, akangoja.

Chupa ya Butte ilikuwa imelowa kwa ubaridi, shingo hadi kitako, maji yanateremka na kufanya duara juu ya mbao. Ya Honolulu ilikuwa kavu kama biskuti ya juzi.

"Lamar," alisema Bi Odessa, "umepanga hizi lini?"

"Jana jioni. Zote."

"Haya. Hoyt, iweke shavuni."

"Tundu la saba lina matatizo, dada. Raba ya pale..."

"Shavuni, mdogo wangu."

Niliiweka. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu. Lamar alinitazama, akatazama kufuli, akatazama sakafu kwa aibu ambayo ilikuwa yangu.

"Kiwandani," alisema Bi Odessa, "mtu akiiba kwenye Mji wa Mbali, hakuna aliyemgombeza. Alilipa tu."

Nilitafuta uongo. Mimi, niliyewahi kumshawishi mchungaji kwamba kambare wangu anabweka, nilitafuta na sikupata hata mmoja.

Nikachomoa waya ukutani. Mlio wa mota ulikatika, na duka likawa kubwa ghafla. Lamar alileta toroli, tukaifunga kwa kamba, tukaisukuma mitaa minne hadi barazani kwa Bi Odessa. Nilisawazisha miguu yake kwa vipande vya kadibodi, nikachomeka waya, nikasikiliza mpaka mota ikashika.

Kisha nikapiga magoti nyuma yake kumwonyesha tundu la mafuta.

"Matone matatu kila Pasaka," nilimwambia. "Usizidishe. Na huu upande wa kushoto usipigwe na jua."

"Matone matatu," alirudia, akainama kuangalia vizuri.