Nilichomtafsiria Mama Mkwe

Mama mkwe alikaa amenipa mgongo, kama desturi yetu Wasukuma inavyotaka, na daktari hakujiuliza kwa nini. Ilikuwa mwaka 1993, tumetoka kijijini kwetu Katindiuka hadi hospitali kubwa ya mjini kwa ajili ya saratani yake ya kizazi. Kiswahili hakukijua. Mke wangu Minza alikuwa ndio kwanza amejifungua, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, mkwe.

"Mweleze," daktari alisema. "Tunafanya majaribio. Badala ya mionzi kidogo kidogo kwa wiki sita, tutampa mikali kwa siku chache, tuone kama inafaa. Inaweza kumchoma kibofu na njia ya uzazi. Akikataa, atapata tiba ya kawaida."

Njia ya uzazi! Kwa mama aliyemzaa mke wangu, ambaye hata chakula sikuthubutu kula mbele yake! Na daktari, pamoja na usomi wake wote, alishindwa kututafutia muuguzi wa kike anayejua Kisukuma? Alikuwa na haraka zake. Mimi nilikuwa na aibu zangu.

"Mayu," nilimwambia mama kwa Kisukuma, macho sakafuni, "wana dawa kali. Wanaomba utie dole gumba hapa."

Akatia.

Alikufa baada ya miezi mitano, mkojo ukimtoka wenyewe, akilia kwamba ndani kunawaka moto. Minza ndiye aliyemuuguza. Mimi nilisikilizia nje.

Mwaka 1998 walikuja watu wawili wa tume ya kuchunguza majaribio yale, mwanamke na mwanamume. Wagonjwa wengine nao walikuwa wameungua, na tume ilitaka kujua kama waliridhia. Minza akaniwahi kujibu.

"Walimfanyia mama yangu majaribio kama mnyama! Hakuambiwa kitu. Mume wangu alikuwepo, muulizeni."

Ningeweza kuitikia tu. Lawama zote zingemwangukia daktari, na fungu lake kweli lilikuwa kubwa. Lakini kwa miaka mitano nilikuwa nimemwacha mke wangu amchukie daktari tu, na nilikuwa nimechoka.

"Daktari alisema yote," nikasema. "Mimi ndiye sikumwambia. Niliona aibu."

Yule mwanamke wa tume akaacha kuandika. Minza akanigeukia.

"Mama alikuuliza chochote kabla ya kutia dole?"

"Aliuliza, kama mgonjwa angekuwa wewe, mke wangu, ningekubali?"

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ndiyo. Wala sikufikiri."