Mkaguzi wa Wachumba

Mama Rashad alikuwa ameiua pua yake kwa ugoro, na kwa sababu hiyo binti yake Bahija akapata kazi. Mjini Dameski, zama zile sultani akiwa Istanbuli, mama hakumwozesha mwanawe hivi hivi. Alikwenda na watu wake nyumbani kwa msichana, wakaletewa kahawa, kisha ukaguzi ukaanza. Msichana alikumbatiwa ili anuswe kinywa. Alivutwa nywele, zisije zikawa za kubandika. Alipewa lozi yenye ganda lake aivunje kwa meno. Yote haya yalifanywa kwa tabasamu, na msichana naye alitakiwa atabasamu, kana kwamba hajui kuwa anatazamwa kama punda mnadani.

Bahija, msichana wa miaka kumi na minane, alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alikwisha wakataa mabinti wa mitaa mitatu kwa niaba ya kaka yake Rashad, ambaye hakuwa na habari. Rashad alikuwa juu ya paa na njiwa wake. Hapo ndipo penye ila. Mrusha njiwa hana neno mbele ya kadhi wa Dameski, kwa sababu hushinda akiwanasa njiwa wa jirani kisha akaapa kwamba hajawaona. Ushahidi wake haupokelewi. Ndiyo maana Mama Rashad aliwafundisha watu wa nyumbani kwake jibu moja tu: "Rashad anapenda hewa safi."

Siku moja wakaenda kwa karani wa mahakama, kumtazama binti yake Duriya. Bahija akamkumbatia, akanusa. Iliki. Akavuta msuko.

"Vuta tena," Duriya akamnong'oneza. "Wa jana alivuta kwa nguvu zaidi, na bado ninazo."

Mkaguzi hacheki. Bahija akampa lozi. Duriya akaivunja kwa meno, akaigawa, akamrudishia nusu. "Na ninyi je? Meno yenu nani anayakagua?"

Bahija akaitafuna nusu yake. Alikuwa amependa. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hili, wala yeye hakuwa nayo.

Njiani mama yake akauliza, "Haya, kinywa?"

"Kizuri."

"Nywele?"

"Zake."

"Meno?"

Hapo Bahija akapunguza mwendo. Akisema mazuri, Duriya ataingia nyumbani mwao kuwa wifi yake, mke wa Rashad, na yeye atakuwa akimpokea kila asubuhi akitoka chumbani kwa kaka yake. Akisema mabaya, hatamwona tena, na maneno hayo yatamharibia msichana wa watu jina lake katika kila hamamu ya mji, wanawake wanakoogea na kusengenya.

"Sikuyaona vizuri," akasema. "Turudi."

Wakarudi. Meno yakaonekana mazima, lakini Bahija akaingiwa na shaka juu ya nywele, akazikagua karibu na dirisha mpaka kahawa ya wakubwa ikapoa. Wakarudi tena, safari hii kwa ajili ya sikio.

"Sikio lipi?" Mama Rashad akauliza.

"Ndiyo nataka kujua."

Pale dirishani Duriya akamwuliza polepole, "Nikifaulu, naolewa na kaka yako?"

"Ndiyo."

"Nisipofaulu?"

"Sitakuona tena."

Duriya akafikiri. "Basi kagua taratibu," akasema, akauacha mkono wake katika mkono wa Bahija, ingawa mkono haukuwa katika orodha ya ukaguzi.

Lakini subira ya Mama Rashad ilikuwa na mwisho. "Mwanangu, hata ngamia hakaguliwi hivi," akasema. "Nimemkubali. Alhamisi wanaume watasoma Fatiha ya uchumba."

Jumatano wanawake wakakutana kwa karani kwa mara ya mwisho. Mama Nasib, mama yake Duriya, akauliza swali ambalo kila mama huuliza: "Niambieni bila kunificha, bwana harusi ana ila gani?"

"Anapenda hewa safi," akajibu Mama Rashad, akamgeukia binti yake. "Si ndiyo, Bahija?"

Duriya alikuwa amesimama na sinia ya kahawa. Bahija alijua kwamba akisema, mlango ule utafungwa kwake yeye pia. Akaona heri amkose Duriya kuliko kumwona amefungwa katika ndoa ya udanganyifu.

"Anarusha njiwa," akasema.

"Ni wengi?"

"Wengi."

"Na wote ni wake?"

"Wake ni wachache."

Mama Nasib akainuka. "Mume wangu ni karani wa mahakama," akasema kwa upole wa kutisha. "Mkwe wake atasimama mbele ya kadhi aseme nimekubali, na kadhi atamwambia anyamaze."

Kahawa haikunywewa. Nyumbani Mama Rashad hakumsemesha binti yake. Rashad ndiye aliyefurahi, akambusu kichwani, akampa njiwa mmoja mweupe. Wa jirani. Bahija akajifungia chumbani akalia mpaka akachoka kulia, kisha akapumzika, akaanza upya.

Wiki iliyofuata Mama Nasib akabisha hodi na Duriya nyuma yake. Mama Rashad, akidhani wamekuja kugombana, akavaa nguo yake nzuri ndipo akawafungulia.

"Nimekuja kuposa," akasema Mama Nasib. "Mwanangu Nasib yuko Brazili. Nataka mchumba wa kumngojea hapa, awe na sababu ya kurudi. Mchumba awe anakuja kushinda kwetu, anizoee. Baba yake Nasib anasema tangu aingie mahakamani hajaona mtu akishuhudia dhidi ya nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya mtoto wa wenzake. Akasema, msichana yule asipotee."

Mama Rashad akajirekebisha kitini. "Anarudi lini huyo Nasib?"

"Karibuni," akasema Mama Nasib, kama alivyokuwa akisema tangu Duriya hajajua kusuka.

Duriya akaomba amkague mchumba yeye mwenyewe, akamvuta Bahija kando kidogo, dirishani penye mwanga.

"Na akirudi?" Bahija akanong'ona.

"Ana mke huko, na watoto wanaotukana kwa Kireno. Mama anajua, ila hapendi kukumbushwa."

"Sasa mimi nachumbiwa na nani?"

Duriya alikuwa na mzaha kwa kila jambo, lakini hapa ukamkimbia. Masikio yake yote mawili yakawa mekundu.

"Na mimi," akasema. "Ukinitaka. Nilikosa usingizi wiki nzima nikitafuta njia, na hii ndiyo niliyoipata."

"Nakutaka," akasema Bahija. "Tangu siku ya kwanza."

"Mnasemaje huko?" Mama Rashad akaita.

"Amekubali," akajibu Duriya.

Mama Nasib akapiga vigelegele kwa ajili ya mwanawe aliye Brazili. Mama Rashad akamwitikia, na jirani wa upande wa pili, asiyejua kuna nini, naye akaitikia. Wasichana wawili wakasimama pale dirishani, mkono katika mkono, wakavipokea vigelegele vyote, maana vilikuwa vyao.