Sisimizi wa Chini ya Jiwe

Sisimizi walianza kuja mimba ilipoanza kuonekana. Walitoka chini ya jiwe kubwa lililoegemea bafu la mabati, mstari mmoja mwembamba, wakaenda kusimama pale pale Kokulinda alipokojoa alfajiri. Sufuria yenye makoko ya uji ilikuwa mlangoni, nao wakaipita kama watu walioitwa kwingine.

Aliwamwagia maji, wakatawanyika. Kesho yake wakarudi. Alimwaga majivu, wakayazunguka. Alihamia kona nyingine ya bafu, nao wakahamia. Hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Usimcheke. Mwanamke aliyeingoja mimba hadi majirani wakachoka kumsema huogopa hata chafya yake mwenyewe. Hedhi yake ilikuja ilipotaka, na kidevuni ziliota nywele alizozing'oa kwa siri kabla ya kushuka Mkuyuni kwenye cherehani yake. Daktari alimweleza kwamba mayai yake hayakomai, yanabaki vifuko vidogo vidogo kwenye ovari, akampa dawa. Akamwambia na neno la pili: siku ukishika mimba, njoo upime sukari mapema, maana wenye hali yako kisukari cha mimba huwanyemelea. La kwanza Kokulinda alilishika. La pili liliingia sikio hili likatokea lile.

Mimba ilipoingia, mama mkwe alikuja kutoka Magu na gunia la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na dumu la asali. Ng'washi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Maige, mwanawe wa pekee, alikuwa safarini na lori la samaki, kwa hiyo nyumba ile ya mlimani Kirumba, iliyobanwa na mawe pande zote, ilibaki ya wanawake wawili. Walitafuna matobolwa, wakanywa maji, wakatafuna tena. Kiu yao ilikuwa kubwa, na kila mmoja aliisingizia joto.

Asubuhi moja Kokulinda alimkuta mama mkwe amechuchumaa kando ya jiwe, akidondosha asali kwenye kigae na kunong'ona kwa Kisukuma.

"Shikamoo mama. Unafanya nini?"

"Marahaba." Ng'washi hakugeuka. "Nawashibisha. Wakishiba hapa nje, hawataingia ndani kwako."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Kabla ya Maige alibeba mimba tatu, na kila mimba sisimizi walikuja nyuma ya zizi. Mtoto wa kwanza alizaliwa mkubwa, mzuri, ana mashavu, ila hakulia. Wa pili vilevile. Wa tatu aliacha kucheza tumboni kabla ya uchungu. Katika ukoo wao ilisemwa kwamba masamva, wazee waliotangulia, huwatuma sisimizi kumchagua mtoto wanayempenda kuliko wote. Mimba ya Maige iliangukia mwaka wa njaa. Hapakuwa na viazi, hapakuwa na asali, na sisimizi hawakuja. Maige alizaliwa mdogo kama panya, akapiga kelele hadi ng'ombe wakashtuka.

"Nilidhani njaa imewachosha hata wao," Ng'washi alisema.

Kokulinda alisimama na ndoo mkononi. Watoto wakubwa. Mwaka wa njaa. Neno la pili la daktari likamrudia, kama lilikuwa limejibanza chini ya jiwe lile siku zote likimngoja.

Alikwenda kliniki siku hiyohiyo. Walimnywesha maji matamu, wakamtoa damu, na sukari ikawa juu. Bernadetta, muuguzi wa zamu, hakumgombeza. Alimwambia kwamba sukari ikizidi humwagikia kwenye mkojo, ndiyo maana wadudu huja. Na mtoto naye huila sukari hiyohiyo, akanenepa kupita kiasi, na wengine huzimika humo humo tumboni. Chakula kibadilike, atembee, apimwe damu ya kidole mara kwa mara. Ikigoma kushuka, watampa sindano. Kokulinda alipomsimulia habari za mama mkwe, alisema aletwe naye.

Nyumbani, Ng'washi alisikiliza yote kama anayepokea habari za msiba. Kisha akalifunga gunia la matobolwa, akakimwaga kigae cha asali, akakaa kitako.

"Kwa hiyo hawakuchaguliwa," alisema.

Kokulinda aliketi kando yake. Aliona uchungu kwamba amemnyang'anya mama huyu kitu alichokuwa amelalia miaka yote. Na alipomwambia waende pamoja kupima, Ng'washi alikataa: yeye hana mimba, wamtafutie nini?

Basi ikawa dagaa na mchicha, ugali wa mtama wa kuonja tu, na kushuka kwa miguu hadi soko la samaki la Mwaloni na kupanda tena huku akihema. Kila aliporudi kutoka kliniki, Ng'washi aliutwaa mkono wake na kuvitazama vidole vilivyochomwa, kisha akauachia. Sukari ilishuka. Mtoto alicheza. Mstari wa sisimizi ukapungua.

Alfajiri moja Kokulinda aliingia bafuni, akakuta kona yake haina hata mdudu mmoja. Alicheka kwa furaha.

Ndipo alipowaona. Walikuwa wakitoka chini ya jiwe kama kawaida, mstari mnene, ukaipita kona yake bila kugeuka na kwenda kona ya pili, alipokojoa mama mkwe, penye ndoo yake. Ng'washi alikuwa amesimama pale na kanga mbichi, sisimizi wakipita kati ya nyayo zake. Hakuwa akiwafukuza.

"Hawa hawakuwa wako wote," alisema.

Alikiinua kidole chake, akakitazama kama ni cha mtu mwingine.

"Inauma sana?"

Kokulinda alimshika mkono. Mtoto aligeuka tumboni, na wanawake wawili wakauvuka ule mstari polepole, bila kuukanyaga.